Kupanga, Kupangiwa na Kushirikiana: Maneno ya Mipangomiji na Makazi ya Wazee

Mji wa Bunda umekaa katika njia kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na mpaka wa Sirari, mahali ambapo njia ya Kisorya na Ukerewe huchepuka kuelekea ziwani. Kwa mtaalamu wa lugha, mahali hapa pana faida ya pekee. Kijita, Kikerewe, Kiikizu, Kisizaki na Kikurya, ambazo ni lugha za jamii ya maziwa makuu, hukutana hapa na Kisukuma, ambacho wataalamu hukiweka katika kundi jingine la lugha za Kibantu. Sokoni na katika mikutano ya mitaa watu wa lugha hizi zote husikilizana kwa Kiswahili. Basi mji kama huu unapopangwa, viwanja vikapimwa na mitaa ya zamani ikatengenezwa upya, maelezo yote humfikia mwenyeji kwa Kiswahili, na aghalabu Kiswahili hicho ni lugha ya pili kwa wale walio wazee zaidi.

Hata hivyo maneno yanayotumiwa hayakuzaliwa katika mikutano hiyo. Sheria ya Mipangomiji, Na. 8 ya 2007, iliyochukua mahali pa ile ya 1956, iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na michoro mingi kadhalika. Tangu 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kuchagua maneno imekuwa na uzito mpya. Neno likichaguliwa vibaya, anayedhurika ni yule aliye na nyumba moja tu, na umri usiomruhusu kujenga nyingine.

1. Kupanga na mpangaji

Kupanga, katika matumizi ya kila siku, ni kuweka vitu kwa taratibu: hupangwa vyombo, matofali, hata maneno. Kwa kitenzi hiki yamepatikana mpango, mpangilio, upangaji na mipangomiji. Kiko kitenzi kingine chenye umbo lilo hilo, nacho ni kupanga nyumba, yaani kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Kwa hiyo jina mpangaji lina maana mbili zilizo mbali kabisa: yule atengenezaye mchoro wa mji mzima, na yule asiyekuwa na chumba chake mwenyewe. Si ajabu basi kwamba ofisi hupendelea kusema afisa mipangomiji.

Tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika minyambuliko. Kupangia ni kupanga kwa ajili ya mtu; kupangiwa ni kufanyiwa mpango na mwingine, naye mfanyiwa yuaweza kuwa radhi au asiwe radhi. Neno hili la mwisho lina historia. Katika Operesheni Vijiji ya miaka 1973 hadi 1976, familia nyingi za Tanzania, za Mara zikiwamo, zilihamishwa kutoka makazi yao ya zamani zikapangiwa mahali pa kujenga. Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na umri wa miaka 24 mwaka 1974. Mtu huyo leo ni mzee, na asikiapo ya kuwa mtaa wake utapangiwa matumizi mapya, hasikii neno geni. Hulikumbuka.

Jina la heshima la mchoro mkuu wa mji ni mpango kabambe. Kabambe ni sifa ya kitu kikubwa chenye nguvu. Hueleza ukubwa wa mpango wala haielezi ni wa nani. Historia yaafikiana na jina. Dar es Salaam ilipata mipango ya namna hiyo mwaka 1949, 1968 na 1979. Wa kwanza ulitengenezwa na kampuni ya Uingereza, na miwili iliyofuata na kampuni za Kanada. Mpango wa makao makuu mapya ya Dodoma, wa 1976, nao ulitengenezwa na kampuni ya Kanada. Ilikuwa ni kazi ya ustadi, lakini ilifanywa na mtaalamu kwa ajili ya mwenyeji, katika lugha ambayo mwenyeji wengi hawakuisoma.

2. Maneno mazoefu katika maana ngeni

Maneno mageni hayapotoshi sana, kwa kuwa msikilizaji hutambua ya kuwa hayajui, akauliza. Yapotoshayo ni yale mazoefu yaliyopewa maana ya kazi bila ya kutangazwa.

Mfano mwema ni hifadhi. Wilaya ya Bunda imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kwa watu wa huko hifadhi ni nchi ya wanyama, ambamo mtu haruhusiwi kulima wala kuchunga. Katika lugha ya wahandisi, hifadhi ya barabara ni ukanda wa pande mbili za barabara usiojengwa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliuongeza ukanda huo katika barabara kuu, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba nyingi nchini zilizosimama nje ya mpaka wa zamani zilijikuta ndani ya mpaka mpya, ingawa hazikusogea hata hatua moja. Katika mji uliokua kwa kuifuata barabara, mita hizo 7.5 si jambo la hesabu tu. Humo ndimo mwenye umri hupanga biashara yake ndogo, kwa sababu hawezi tena kwenda mbali.

Eneo la wazi nalo ni hivyo hivyo. Kwa msemaji wa kawaida, mahali palipo wazi ni mahali pasipo mtu wala kitu, na pasipo mtu hupatikana pa kujenga. Kwa afisa mipangomiji maana ni kinyume: ni mahali palipotengwa makusudi kwa mapumziko na michezo, pasijengwe kamwe. Maneno uwanja wa watu wote yangeleta ubishi mdogo zaidi.

La tatu ni kuendeleza. Kitenzi hiki kimetoka katika enda, kwa njia ya endelea, na maana yake ni kufanya jambo liendelee. Katika lugha ya ardhi, kiwanja kilichoendelezwa ni kile kilichojengwa. Bibi aliyepanda mihogo na miembe katika kiwanja chake kwa miaka thelathini huambiwa ya kuwa hakukiendeleza, ilhali yeye aona ya kuwa hajaacha kukiendeleza hata msimu mmoja. Likiongezwa neno upya, ikawa kuendeleza upya mtaa, msikilizaji hutazamia kwamba kilichopo kitaendelea. Mara nyingi kinachofuata ni kubomoa. Ikiwa nia ni kuupa mtaa nguvu mpya bila ya kuwaondoa wakaao ndani yake, kuhuisha lafaa zaidi, maana kihuishwacho hakina budi kubaki kile kile. Na ikiwa nia ni kubomoa, ni haki kusema kubomoa.

3. Kushiriki, kushirikishwa, kushirikiana

Siku hizi inakubaliwa kotekote kwamba mji haupangwi na mtu mmoja. Mchora ramani, mpima ardhi, mhandisi wa maji, bwana afya, mwenyekiti wa mtaa na wenyeji wenyewe hukaa pamoja tangu mwanzo. Tanzania iliijaribu njia hii kwa upana Dar es Salaam tangu 1992, katika mradi uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, ambapo vikundi vya kazi vya watu wa ofisi na wa mitaani vilijadili taka, maji na makazi. Sheria ya 2007 nayo yataka wadau wasikilizwe.

Lakini neno lililozoeleka kwa jambo hili ni ushirikishwaji wa wananchi. Neno hili lastahili kufunguliwa. Shina ni shiriki. Likapata kiambishi cha kusababisha, likawa shirikisha. Likapata cha kutendwa, likawa shirikishwa. Kisha likageuzwa jina. Kwa hiyo ushirikishwaji ni hali ya mtu kufanywa na mwingine awe na sehemu. Mwenye mpango ni yule mwingine. Ndiye afunguaye mlango, na ndiye awezaye kuufunga. Kushirikiana kuna kiambishi cha kutendana: hakuna mkaribishaji wala mkaribishwa, kila mmoja hutoa akapokea. Mkutano ambao wenyeji huitwa kuonyeshwa mchoro uliokwisha kukamilika ni ushirikishwaji. Mkutano ambao kalamu haijashikwa bado, na mzee huulizwa maji ya mvua hupita wapi wakati wa masika, ni ushirikiano. Lugha imeyatenga mambo hayo mawili kwa silabi chache tu, na taarifa za miradi zingekuwa za kweli zaidi kama nazo zingeyatenga.

Desturi za Mara zinao ushahidi wake. Wakurya walikuwa na iritongo, mkutano wa watu wote wa mahali kuamua mambo yao. Kwa upande wa magharibi ya Serengeti, Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha historia kilichotoka 2007, ameeleza jinsi watu wa rika lililoshika zamu, liitwalo rikora, walivyoizunguka nchi yao kwa miguu na kuithibitisha mipaka yake. Huo ulikuwa ni upimaji, ijapokuwa haukuwa na ramani. Na mpimaji na mkaaji walikuwa ni mtu yule yule.

4. Mfano wa Ng'ambo

Mahali ambapo jina la mpango limelingana na kazi yake ni Unguja. Ng'ambo ni upande wa pili wa mji, ng'ambo ya hori iliyoutenga na Mji Mkongwe. Mipango mingi imepita juu yake: ule wa Lanchester wa 1923, wa 1958, na wa 1968 uliotengenezwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ambao baada yake nyumba nyingi za udongo zilibomolewa, na majumba marefu ya Michenzani yakajengwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ng'ambo haikuhesabiwa kuwa urithi.

Tangu 2013, idara ya serikali ya Zanzibar inayoshughulikia mipango ya miji na vijiji ilishirikiana na mji wa Amsterdam na shirika la African Architecture Matters katika kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Kwanza ulifanywa utafiti wa mambo yaliyomo mitaani na yanayothaminiwa na watu wake, nyumba na viwanja vya kukutania pamoja na desturi. Matokeo yakatolewa katika kitabu cha ramani na maelezo mwaka 2019.

Tuitakayo ni neno moja lenye sentensi nzima: tu- ya watendaji, -i- ya Ng'ambo yenyewe, shina -taka, na -yo ya kurejesha. Haiwezekani kulitamka bila ya kumtaja atakaye. Mpango kabambe hauna mtendaji, Ng'ambo Tuitakayo yamtaja katika silabi ya kwanza. Ni kweli kwamba jina peke yake halijengi mji, na nafsi ya kwanza ya wingi yaweza kusemwa na mtu mmoja kwa niaba ya wasiokuwapo. Walakini jina la namna hiyo humpa mwenyeji haki ya kuuliza, "Sisi ni nani?"

5. Mji uwafaao wazee

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2007, uliotokana na maoni ya wazee katika miji 33, Nairobi ikiwa mmojawapo. Mwongozo huo wagawanya jambo katika sehemu nane: mahali pa nje na majengo, usafiri, makazi, kushiriki katika jamii, heshima, kazi na uraia, habari, na huduma za afya. Wazo lake limeingia katika Kiswahili kwa maneno mji rafiki kwa wazee, kwa mfano wa rafiki wa mazingira. Msemo huo una kasoro. Katika Kiswahili rafiki ni mtu, na urafiki ni wa walio sawa. Mzee hataki urafiki wa barabara, ataka barabara impitishe salama. Mji uwafaao wazee ni maneno mepesi, nayo husema hasa linalotakiwa.

Mzee mwenyewe ni neno la daraja kabla ya kuwa neno la umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 humhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, na sera yahitaji hesabu. Lakini heshima ya neno isifiche hali ya mambo. Katika mikoa ya kusini mwa ziwa wanawake wazee wameshukiwa uchawi, hata kuuawa, kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Hapo neno makazi, lililo moja tu katika zile sehemu nane, lapata uzito wa uhai. Jiko lenye pa kutolea moshi ni sehemu ya mpango wa mji, na mwenye kujua haja yake ni yule apikaye.

Kwa watu wa Mara liko neno jingine lifaalo, nalo ni rika. Mji wa marika yote haumtengi mzee kama mgonjwa wa kuhudumiwa. Humweka katika mfululizo ambao kijana naye atafika.

Mwisho, Kiswahili kina neno ambalo laonyesha njia bila ya kufundisha. Baraza, katika miji ya pwani, ni kikalio cha mbele ya nyumba, mahali ambapo wazee huketi wakati wa jioni, na mpita njia aliyechoka hupumzika. Neno hilo hilo ni mkutano wa kuamua mambo: Baraza la Madiwani, Baraza la Wazee. Watengenezaji wa michoro hufikiria kikalio, na watu wa utawala hufikiria mkutano. Katika mji kama Bunda, ambako kutoka nyumbani hadi sokoni ni safari kwa mtu wa miaka sabini, vyote viwili vyahitajika: pa kuketi njiani, na pa kuketi kabla ya njia kuchorwa.