Plau Si Jembe la Mkono: Neno Moja la Shambani katika Luka 9:62



Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili maana ya neno la Kiingereza hoe, atajibu: jembe. Muulize plough, atajibu tena: jembe. Mattock, kama amewahi kulisikia, nalo atakwambia ni jembe, au akijitahidi sana atasema sululu. Hajakosea. Kwetu jembe ni neno kubwa lenye nafasi ya zana nyingi: jembe la mkono, jembe la palizi, jembe la kukokotwa na ng'ombe, hata jembe la trekta. Lakini katika Injili kuna mahali ambapo upana huu wa neno unatupotezea kitu, na tumeona tuueleze leo kwa sababu mahali penyewe panagusa miito.

Tuanze na neno lenyewe. Jembe lina ndugu zake katika Kiswahili. Wembe ni wa shina hilo hilo, na kijembe kadhalika; yote ni chuma chenye makali, hiki kikubwa, kile kidogo. Ndiyo maana maneno ya kuchoma yanayorushwa kwa mafumbo tunayaita vijembe. Tena siku hizi mtu hodari wa kazi huitwa jembe, na katika parokia zetu si ajabu kusikia wanakwaya wakisema, "Katekista wetu ni jembe." Nembo ya Taifa letu ina jembe lililopishana na shoka. Na kabla ya majembe ya madukani, wafua chuma Warongo wa upande wa Geita na Buzinza walifua majembe yaliyouzwa Usukuma hadi Unyamwezi, na watu waliyatumia hata kulipia mahari. Kwa hiyo mtafsiri wa Biblia anapoandika jembe, msomaji wetu anaona chuma kilichotiwa mpini, na mtu aliyeinama.

Sasa tufungue Luka 9:61-62. Mtu mmoja anamwambia Yesu kwamba atamfuata, ila kwanza aruhusiwe kuwaaga watu wa nyumbani kwake. Yesu anamjibu kwa mfano wa mkulima anayeanza kazi kisha akatazama nyuma. Biblia ya Union inataja kulima tu, haitaji zana. Biblia Habari Njema inataja jembe. Kigiriki cha Luka kinasema arotron, na Kilatini cha Vulgata kinasema aratrum. Maneno yote mawili yana maana moja tu, nayo ni plau: zana inayokokotwa na wanyama.

Tofauti ni nini? Mkulima yeyote wa hapa Kabasa, au wa vijiji vya Bunda na Butiama, anaweza kuieleza kuliko mwalimu wa Maandiko. Mwenye jembe la mkono akitazama nyuma hapotezi kitu. Ananyoosha mgongo, anaegemea mpini, anaangalia sehemu aliyokwisha kulima, na pengine anapata nguvu ya kuendelea. Mama zetu hufanya hivyo kila asubuhi na hakuna anayesema hawafai. Plau ni habari nyingine. Ng'ombe hawasimami kwa sababu wewe umegeuka. Wanaendelea kwenda, na mshika plau akigeuza shingo, mabega yanafuata shingo, mikono inafuata mabega, na plau inapinda. Mara nyingine inaibuka juu na kuacha kipande kigumu bila kulimwa. Ubaya zaidi ni kwamba mstari wa pili hufuata wa kwanza. Ukipinda mmoja, mingine yote itarithi kosa hilo mpaka mwisho wa shamba, na jirani akipita atajua siku hiyo ulikuwa na mawazo mengine.

Plau ya nyakati za Yesu ilikuwa nyepesi kuliko hizi za chuma tunazozijua. Ilikuwa ya mti, yenye ncha ya chuma, na kwa kawaida ilishikwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulibeba fimbo ya kuwachochea ng'ombe. Bila shaka ndiyo maana Luka anasema "mkono" na si "mikono". Kwa kuwa ilikuwa nyepesi, ilirukaruka kwenye mawe, na mshikaji alilazimika kuikandamiza muda wote na kutazama mbele.

Kigiriki kina jambo jingine la kuzingatia. Kitendo cha kutia mkono kimewekwa katika umbo la tendo lililofanyika mara moja, lakini kutazama nyuma kumewekwa katika umbo la tendo linaloendelea. Anayesemwa ni mtu aliyeshika plau huku akiendelea kutazama nyuma, si yule aliyegeuka mara moja kusikia nani anamwita. Na neno la "kufaa", euthetos, linapatikana mara tatu tu katika Agano Jipya: hapa, katika Luka 14:35 juu ya chumvi isiyofaa tena kwa ardhi wala kwa mbolea, na katika Waebrania 6:7 juu ya ardhi inayozaa mimea yenye manufaa. Mara zote tatu udongo hauko mbali.

Tunayaeleza haya kwa sababu tumesikia mstari huu ukitumiwa kama fimbo. Kijana anatoka seminari baada ya miaka mitatu au sita, anarudi nyumbani, na Jumapili ya kwanza tu kuna mtu nje ya kanisa anasema, "Huyo ametazama nyuma." Wazazi wanasikia. Wengine huacha hata kuja Misa ya kwanza, wanakuja ya pili yenye watu wachache. Sisi tunaona hayo ni matumizi mabaya ya Maandiko. Kijana aliyesali, akazungumza na walezi wake kwa ukweli, akatambua kwamba anaitwa kwenye maisha ya ndoa, huyo ameng'oa plau mwisho wa mstari na kuihamishia shamba jingine. Anayepaswa kuuogopa mstari huu ni yule aliyebaki ndani, anavaa kanzu kila siku, na macho yake yako kwingine mwaka baada ya mwaka. Na tukisema kweli, hata baba wa familia mwenye macho ya namna hiyo yumo.

Kanisa limeupanga mstari huu pamoja na 1Fal 19:19-21 katika Dominika ya 13 ya Mwaka C. Humo Elisha analima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe, yeye mwenyewe akiwa na ile ya kumi na mbili, na Eliya anamtupia vazi lake. Elisha naye anaomba kuwaaga wazazi, kisha anawachinja ng'ombe wake na kupika nyama kwa kuni za zana zile zile za kulimia. Tuseme jembe la mkono hapo na hadithi inapungua: mpini mmoja hauwezi kuivisha nyama ya ng'ombe wawili kwa ajili ya watu. Ilikuwa nira, na miti ya plau, yaani mtaji wote wa shamba.

Si kila jembe la Biblia ni la kusahihisha. Katika Isaya 2:4, ambapo panga zinafuliwa kuwa zana za kulimia, Kiingereza kinataja ncha za plau, lakini neno la Kiebrania halielezi waziwazi ni zana gani, na wataalamu wanabishana. Majembe yetu yanaweza kukaa hapo bila shida. Katika 1Sam 13:21 hali ilikuwa mbaya zaidi. Waisraeli, kwa kukosa wafua chuma, waliwaendea Wafilisti kunolewa zana zao, na neno pim lilitafsiriwa tupa katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Baadaye wachimbuaji walipata vijiwe vya kupimia vyenye neno hilo, vya gramu zisizofika 8. Kumbe ilikuwa bei ya kunolewa!

Mwaka 2025 Dominika ya 13 iliangukia tarehe 29 Juni, Sherehe ya Watakatifu Petro na Paulo, hivyo masomo yale hayakusomwa. Yatarudi Mwaka C ujao, 2028. Lakini Luka 9:57-62 husomwa Jumatano ya juma la 26, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati huku kwetu ng'ombe wanaanza kuingizwa shambani kusubiri mvua za vuli. Frateri atakayepewa kutafakari siku hiyo anaweza kutamka neno plau bila wasiwasi. Wazee wa benchi la mbele watamwelewa kabla hajamaliza sentensi.