Nyabyeya: Kijiji cha Bunyoro chenye Kanisa la Wapolandi

Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya Gulu huvuka Mto Kafu, kisha huiacha barabara kuu na kushika mkono wa kushoto hadi Masindi, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 210 kutoka jiji kuu. Kutoka hapo, njia iendayo Butiaba, kando ya Ziwa Albert, hupita mashamba ya miwa na kufika ukingoni mwa Msitu wa Budongo. Huko ndiko kiliko kijiji cha Nyabyeya.

Nchi hiyo iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 hivi, na mvua yake ni ya kutosha. Msitu wenyewe ni mashuhuri kwa mikangazi mikubwa na kwa sokwe wake. Ndiyo sababu Chuo cha Misitu kiko papo hapo kijijini. Wakazi hulima mahindi, maharagwe, mihogo na miwa, kama wenzao wa sehemu nyingi za Bunyoro.

Lakini kilichomo Nyabyeya na kisichomo katika vijiji jirani ni kanisa lililojengwa na watu waliotoka Ulaya wakiwa maskini kuliko wenyeji waliowapokea.

Habari yake ni hii. Mwezi Septemba 1939 Poland ilivamiwa na Wajerumani kutoka magharibi, na na Warusi kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 jamaa nzima nzima za Wapolandi wa mashariki zilitolewa majumbani usiku, zikapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ngumu. Wengi walikufa huko kwa njaa na baridi. Hitler alipoigeukia Urusi mwaka 1941, waliosalia walifunguliwa. Mwaka 1942 maelfu yao walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wenye nguvu walitiwa jeshini. Wanawake, wazee na watoto, wakiwemo mayatima wengi, walitafutiwa makao katika makoloni ya Waingereza. Uganda ilipokea maelfu kadhaa, wakakaa mahali pawili: Koja, kando ya Ziwa Viktoria, na Nyabyeya.

Akina mama waliozoea theluji na nyumba za magogo walijifunza kukaa katika nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, kulala ndani ya vyandarua na kumeza kwinini. Zilifunguliwa shule, hospitali na vyama vya skauti, na watoto waliendelea kufundishwa kwa Kipolandi ili wasiwe wageni siku ya kurudi kwao. Yafaa kukumbuka kwamba wakati huohuo vijana wa Uganda walikuwa wakipigana Burma chini ya bendera ya Uingereza. Kila upande ulikuwa mbali na kwao kwa ajili ya vita ileile.

Kati ya 1943 na 1945 wakimbizi hao walijenga kanisa la kudumu, wakaliweka chini ya jina la Bikira Maria, Malkia wa Poland. Maandishi yaliyochorwa hapo hueleza kwamba waliolijenga walikuwa wapitanjia wanaoelekea katika nchi yao iliyo huru.

Nchi hiyo hawakuiona. Mnamo Februari 1945, huko Yalta, wakuu wa Uingereza, Marekani na Urusi walikubaliana kwamba sehemu kubwa ya mashariki ya Poland iwe chini ya Urusi. Wakazi wengi wa Nyabyeya walikuwa wametoka huko hasa. Basi kanisa lilikamilika katika mwaka uleule ambao vijiji vyao vilihamia upande wa pili wa mpaka. Mama aliyeweka akilini ramani ya shamba lake kwa miaka mitano alibaki na ramani tu.

Baada ya vita walitawanyika, wengi wakienda Uingereza, Kanada na Australia. Nyumba za udongo ziliporomoka, na msitu na mashamba yakafunika njia zao.

Lakini kanisa lingali limesimama, na Wakatoliki wa hapo huliendea kwa ibada zao. Karibu nalo yako makaburi ya wale waliokufa kabla ya safari ya mwisho, na majina yao ni marefu, magumu kwa ulimi wa Mnyoro. Mara kwa mara huja wageni kutoka Poland, wengine wakiwa wajukuu wa waliokaa hapo, wakapita kaburi hadi kaburi wakisoma majina hayo kwa sauti.