Umeme unafuata kazi: ginsi koperative inaweza kuvuta sosiete ya umeme



Katika mikutano yetu na wakulima wa Kivu, ulizo moja linarudi kila mara: «Na sisi tutapata umeme lini?» Wengi wanajibu kwamba tungojee Serikali, ama tungojee mradi. Katika ukurasa huu tunapenda kuligeuza ulizo hilo: tuko na nini ya kumuonyesha mwenye kutengeneza umeme, ili aone faida ya kuja kwetu?

Sheria imefungua mlango

Zamani SNEL ndiyo ilikuwa na haki ya kutengeneza na kuuza umeme inchini. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 imebadilisha jambo hilo. Leo sosiete ya mtu binafsi inaweza kutengeneza umeme, kuusafirisha na kuuuza, kama imepewa ruhusa. Kuna ARE, yenye kusimamia kazi hiyo, na kuna ANSER, yenye kushugulikia umeme wa vijijini na pembeni ya miji.

Matunda yameonekana kwetu hapa. Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kiwanda kidogo cha umeme wa maji kilianza katika mwaka wa 2013 na kilowati 400. Kisha kukajengwa pale kiwanda cha sabuni, kinachotumia mafuta ya ngazi ya wakulima wa eneo lile. Matebe, katika Rutshuru, kiwanda cha zaidi ya megawati 13 kilifunguliwa mwezi wa 12 mwaka wa 2015. Goma nako, tangu 2020, kuna mtaa unaopata umeme wa jua. Vita imekata nyaya mara na mara na imerudisha watu nyuma, lakini njia yenyewe imeonekana.

Kwa nini sosiete haifiki kijijini?

Kusimamisha nguzo, kuvuta waya na kuweka transfo kunakula feza mingi mbele ya kuuza hata kilowati-saa moja. Kwa hiyo sosiete inahesabu kwanza: nani atanunua, kiasi gani, na saa gani?

Tufanye hesabu pamoja. Nyumba moja iko na balbu 3 za wati 5, zinawaka saa 5 kila usiku. Kwa siku 30 inakula kilowati-saa 2 na robo. Sasa tuchukue mashini ya kusaga yenye mota ya kilowati 7,5. Ikifanya kazi kwa nguvu yake yote saa 6 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, inakula 7,5 × 6 × 25, ni kusema kilowati-saa 1125. Kumbe mashini moja ni sawa na nyumba 500 za namna ile!

Saa nazo ziko na maana. Nyumba zote zinawasha taa magaribi, kwa wakati mmoja. Muchana umeme hauna mutu wa kuutumia, na maji ya mto yanapita bure. Kwa umeme wa jua ni vilevile: nguvu inapatikana muchana, na kuilinda mpaka usiku kunaomba batri za bei kali. Mashini inayosaga muchana inatumia nguvu pale pale inapotoka. Ndiyo maana koperative yenye kazi ya muchana ni mteja anayetafutwa.

Kaye ya miezi mitatu

Sosiete haiwezi kuamini maneno «tutatumia mingi». Inaamini hesabu. Tunashauri kila koperative ifungue kaye moja, na mushika-feza aandike kila siku mambo haya:

– lita za mazutu zilizotumiwa na bei yake;
– saa ambazo mashini imefanya kazi;
– kilo zilizosagwa, ama lita za mafuta zilizokamuliwa;
– siku ambazo mashini ililala, na sababu yake.

Kwa mashini ndogo, lita moja ya mazutu inatoa karibu kilowati-saa 3 za kazi. Zidisha lita za mwezi mara 3, utapata kipimo cha umeme mtakaohitaji. Hesabu ile ile inasaidia kulinganisha bei: gawanya bei ya lita moja kwa 3. Kama sosiete inauza kilowati-saa moja chini ya jibu hilo, umeme unashinda mazutu. Ikiwa juu yake, msikimbilie. Na msisahau kwamba mota mpya na nyaya za ndani ya banda ziko na bei yao.

Kazi ya mwaka mzima

Tuseme wazi: kahawa peke yake haitoshi kumvuta mtu. Mashini ya kumenya kahawa inafanya kazi wakati wa mavuno, halafu inalala miezi mingi. Lakini mkiunganisha kahawa na kusaga mahindi na muhogo, kukamua ngazi, ama kupoza maziwa, mota zinazunguka mwaka mzima. Kama koperative yenu iko ndogo, muungane na jirani wa upande wa pili wa barabara. Koperative tatu zenye kaye tatu zinasikilizwa kuliko moja.

Mbele ya kutia sahihi

Sosiete ikikubali kuja, kamati iulize maulizo haya, na majibu yaandikwe ndani ya mkataba:

1. Iko na karatasi ya ruhusa? Muombe kuiona.
2. Waya utakaofika bandani ni wa trifazé ama monofazé? Mashini kubwa ya kusaga inaomba trifazé. Kijiji kikipewa monofazé, mtakuwa na taa na mashini ndogo tu. Semeni pia ukubwa wa mota yenu, maana mota ikianza inaweza kuvuta mara 5 mpaka 7 kuliko wakati inapozunguka.
3. Nani ananunua transfo na konteri, na vitabaki mali ya nani?
4. Bei ya kilowati-saa ni ngapi, kwa franka ama kwa dola? Inaweza kupanda ginsi gani, na baada ya kuwajulisha siku ngapi?
5. Umeme ukikatika, nani anaitwa, na atafika kwa muda gani?
6. Katika mto, maji yakipunguka wakati wa jua kali, nani atakatiwa kwanza?

Kama sosiete inaomba kiwanja, msitoe kwa mdomo tu. Mpaka upimwe, wenye shamba na mwami wajue, na karatasi ibakie na nakala katika biro ya koperative. Na feza za wanamemba zisikusanywe mbele ya mkataba kusainiwa. Mashini ya mazutu nayo msiiuze haraka. Ilindeni hata mwaka mmoja, juu umeme unaweza kukatika siku ya soko.

Kwa nini tunakaza jambo hili? Juu umeme ukifika na koperative haiko tayari, mtu wa kwanza kununua mota ndiye atasaga muhogo wenu na kupanga bei. Faida itatoka shambani kwenu na kuingia katika mfuko wake. Koperative ikitangulia, faida inarudi kwa wanamemba, na mama aliyekuwa anatembea saa mbili na beseni ya muhogo kichwani anasaga karibu na nyumba yake.

Basi katika mkutano wenu unaokuja, mchague mtu wa kushika kaye. Waagronome wetu wanaopita kwenu watawasaidia kufanya jumla, na kutoka pale barua ya kwanza kwa sosiete itaandikwa na hesabu ndani yake.