Moto Nyayoni mwa Bibi

Haya wajukuu, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina bibi mmoja wa Mikumi, mwenye kisukari cha miaka mingi. Usiku malori ya Zambia yanapita, naye yu macho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Usiku kucha nyayo zimewaka moto, halafu vidole vina ganzi."

Jirani akamletea kopo la vidonge alilonunua kwenye basi, kwa mtu aliyesimama katikati ya viti akinadi dawa ya kila maradhi. Kopo limeandikwa vitamini C, vitamini E na asidi ya alfa-lipoiki. Hizo huitwa antioksidanti.

Zinafanya nini? Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, huharibu vimishipa vidogo vya damu vinavyolisha mishipa ya fahamu. Ndani ya seli huongezeka pia radikali huru, chembe zilizopungukiwa elektroni, nazo huzipora chembe za jirani. Antioksidanti hutoa elektroni yake ili uporaji ukome. Na kwa nini miguu ndiyo huanza? Mshipa wa fahamu unaofika kidole gumba huanzia chini ya mgongo, na kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita 1. Nanyi wa Kilosa mnajua mfereji wa shambani: maji yakipungua, wa kwanza kulia ni mwenye jaruba la mwisho.

Kwa hiyo maneno ya yule muuzaji si upuuzi mtupu. Hata madaktari walifikiri hivyo. Ujerumani wameitumia asidi ya alfa-lipoiki kwa miaka mingi, na majaribio kadhaa ya wiki chache, hasa ya kuidunga mshipani, yalionyesha nafuu. Lakini mwaka 2024 wachambuzi wa Cochrane walitazama majaribio ya miezi 6 na zaidi, wakaona kwamba huenda haina tofauti kubwa na kidonge kisicho na dawa.

Dar es Salaam nako kulifanyika jaribio kubwa, ingawa la ugonjwa mwingine. Kuanzia 2006, watu wanaoishi na VVU waliokuwa wakianza dawa walipewa vitamini B, C na E, wengine dozi kubwa, wengine ya kawaida. Walifika 3,418. Dozi kubwa haikuzuia ugonjwa wala vifo zaidi ya ile ya kawaida, na Machi 2009 jaribio likasimamishwa mapema, kwa sababu vipimo vya damu vilianza kuonyesha ini linasumbuka. Ndiyo maana nakasirika nikisikia "vitamini haina madhara". Vitamini B6 hupewa wagonjwa wa kifua kikuu ili isoniazidi isiwaharibie mishipa ya fahamu. Lakini ukiimeza kupita kiasi kwa muda mrefu, huleta ganzi ile ile.

Bibi yetu anahitaji kwanza sukari yake ishuke na ikae sawa. Maumivu yana dawa zake, kama amitriptilini, ambazo daktari huanza na kidogo. Kama anatumia metfomini, aulizie kipimo cha vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza. Vitamini C ataipata kwenye pera la sokoni, au unga wa ubuyu usiotiwa kitu. Ule ubuyu mwekundu mnaoupenda ni pipi, huo mwekeni bibi mbali nao.

Nanyi mna kazi. Mguu wenye ganzi hukanyaga mwiba usijue, huungua kwa maji ya moto usijue. Macho yenu ni makali, basi kila jioni mtazameni bibi nyayo na katikati ya vidole. Mkiona kidonda, hata kidogo, kesho yake ni kliniki, na lile kopo mlibebe. Daktari alisome, kwa kuwa asidi ya alfa-lipoiki inaweza kuongeza nguvu ya dawa za kushusha sukari, sukari ikashuka mno, na bibi akaanguka.