Shuti kali ni ndoo moja tu ya maji

MTANGAZAJI akisema "shuti la nguvu" kila mtu anaelewa. Balaa linaanza siku ya majaribio ya vijana, pale kocha anapopanga madogo mstari mmoja, anachukua wenye mapaja manene, halafu yule mfupi anaambiwa akale ugali arudi mwakani. Kocha anatafuta nguvu. Sasa neno hilo moja tumelibebesha mambo matatu ambayo kwenye fizikia kila moja lina hesabu yake: kani, kazi, na kasi ya kuifanya hiyo kazi.

Kumbuka ile frikiki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa pale Lyon, Juni 3, 1997. Mita kama 35. Mpira ulipita nje ya ukuta, ukakata kona, ukagonga nguzo na kuzama wavuni, Fabien Barthez amesimama tu kama aliyelipa kiingilio. Mpigaji ana urefu wa sentimita 168.

Tupige hesabu ya shuti kali la kawaida. Mpira una gramu 430 (sheria inataka 410 hadi 450) na unatoka mguuni kwa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Mguu unaugusa kwa takribani sehemu moja ya mia ya sekunde. Kani ya wastani hapo ni nyutoni 1,290, sawa na kubebeshwa mzigo wa kilo 130.

Kazi ni kani mara umbali. Mguu unausindikiza mpira kama sentimita 15 hivi, kwa hiyo tunapata jouli 193 na ushee. Nyingi? Hapana. Ni sawa na kunyanyua ndoo ya lita 20 iliyojaa kutoka chini hadi kiunoni. Dada anayechota maji bombani anaifanya mara kumi kila asubuhi na hakuna jukwaa linalosimama kumshangilia.

Tofauti ni muda. Ndoo ikichukua sekunde moja, hizo ni kama wati 193. Mguu unaimaliza kazi ileile haraka mara mia, yaani zaidi ya wati 19,000. Injini ya bodaboda haifiki huko, ingawa yenyewe inaweza kwenda siku nzima.

Paja nene linasaidia, sikatai. Ila dogo mwembamba anayezungusha mguu kuanzia nyonga, akafungua goti kwa wakati na kukaza kifundo, anaweza kumshinda pandikizi la mtu linalopiga mpira kama linasukuma mkokoteni. Kocha aangalie kasi ya mguu kabla hajaangalia kipimo cha kaptula. (Na beki anayemsukuma straika kwenye kona huku straika hasogei hata hatua? Kwa fizikia, kazi aliyomfanyia ni sifuri. Jasho ni lake mwenyewe.)

Makipa nao hesabu hii inawahusu. Zile jouli 193 lazima ziishie mahali. Kipa akikaza mikono, mpira ukasimama ndani ya sentimita 10, viganja vinapokea wastani wa nyutoni 1,935. Akirudisha mikono kifuani kwa sentimita 30, zinabaki 645. Ndiyo maana yule wa kwanza anatema mpira, na straika mwenye njaa anamalizia.