Jembe Hili Alilifua Nani?

Wengi wetu tukisikia Tabora tunakumbuka misafara na pembe za ndovu. Jembe je? Mwishoni mwa karne ya 19, ofisa mmoja wa Kijerumani alikadiria kuwa majembe 150,000 yaliletwa kuuzwa sokoni Tabora kwa mwaka. Mengi yalifuliwa na Warongo wa Uzinza: mawe ya chuma, makaa, mivukuto, basi. Ufundi ulirithishwa ndani ya ukoo, na jembe lililipa hata mahari. Kisha yakaja ya kiwandani kutoka Ulaya, bei chee, tanuru zikazimika. Majina ya wahunzi wengi hayakuandikwa. Yamebaki vinywani mwa wazee. Likizo hii ukifika nyumbani, muulize bibi: hili jembe la uvunguni alilifua nani?