Mwenyekiti wa Kijiji ni wa Nani?

Kuna swali ambalo wanachama huulizana kwa sauti ya chini kila uchaguzi wa vijiji unapokwisha. Husema: huyu mwenyekiti tulimteua sisi, tukamnadi sisi, tukakesha kwa ajili ya kura zake sisi, mbona leo aitisha mkutano na kuwapa nafasi ya kusema hata wale waliompinga? Ndugu wengine huona kwamba huo ni utovu wa shukrani, na wako wanaotaka aitwe tawini akajieleze. Sisi twaona kwamba swali hilo latokana na kutoijua sheria, na kutoijua sheria kwaweza kukigharimu kijiji ardhi yake.

Kosa hili lina asili yake, wala si haki kuwacheka wanaolifanya. Zama za Wajerumani jumbe aliwekwa, hakuna aliyemchagua. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1926, wakatawala kwa kupitia machifu. Tulipopata Uhuru, Bunge letu lilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Ndipo ikaja Sheria Na. 21 ya mwaka 1975, sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa. Kwa sheria hiyo, mwenyekiti wa tawi la TANU ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na katibu wa tawi ndiye katibu wa kijiji. Kofia mbili, kichwa kimoja. Chama kilikuwa kimoja, na aliyemshtaki mwenyekiti kwa kijiji alikuwa amemshtaki kwa tawi. Wazee wengi wanaotushauri leo walijifunza uongozi katika siku hizo, na mazoea ya ujana hayatoki upesi.

Lakini sheria imekwisha kuhama. Mwaka 1992 nchi iliingia katika vyama vingi, na kofia zile mbili zikatenganishwa. Mwaka 1994 vijiji vya Tanzania Bara vilichagua viongozi wao kwa mara ya kwanza chini ya utaratibu huo, na tangu hapo uchaguzi umefanyika kila baada ya miaka mitano, hata ule wa tarehe 27 Novemba, 2024.

Yafaa kila tawi liwe na nakala ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, na iwe imesomwa, si kufungiwa kabatini pamoja na bendera. Sheria hiyo yasema kwamba chombo kikuu cha kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Hao ndio wenye madaraka ya kuichagua Halmashauri ya Kijiji, ambayo wajumbe wake hawapungui 15 wala hawazidi 25, na hao ndio wenye madaraka ya kumwondoa mjumbe mmoja au wajumbe wote. Hapo tawi halikutajwa. Tawi lina haki kamili ya kumteua mgombea na kumwombea kura. Lakini kura zikiisha kuhesabiwa, mwajiri wake ni mkutano ule, pamoja na yule mama aliyempigia kura mpinzani wake.

Tuseme pia neno juu ya Afisa Mtendaji wa Kijiji, kwa maana watu wengi humchanganya na mwenyekiti. Mtendaji ameajiriwa, ana mshahara na mkubwa wake wilayani, na aweza kuhamishwa kesho. Mwenyekiti amechaguliwa, na kazi ikimshinda ataendelea kukaa kijijini hapo hapo na majirani wale wale. Twashangaa kuona vijiji ambavyo watu humwogopa Mtendaji na kumdharau mwenyekiti.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana hapo ndipo mambo haya huacha kuwa maneno ya vitabuni. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, lakini Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu. Ikitakiwa kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ili iwe ardhi ya kawaida, ni Mkutano Mkuu unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye mwenye neno la mwisho, lakini hana budi kuyapima kwanza mapendekezo ya mkutano huo. Hata Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, huthibitishwa na mkutano.

Basi fikiri, ndugu msomaji, mwenyekiti anayedhani kwamba yeye ni wa tawi tu. Anakuja mgeni na gari zuri na barua nzuri. Mwenyekiti anawaita wakubwa wanne wa tawi, wanakubaliana jioni moja, na muhuri unagongwa. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Malkia Yezebeli hakwenda kumnyang'anya kwa mkono wake. Aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, na wazee wa mji wakatii. Wazee wale ndio wanaotuhuzunisha zaidi katika kisa kile.

Twajua lipo jambo ambalo wanachama hawapendi lisemwe katika ukurasa huu. Mwaka 2019 Chama chetu kilichukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji, baada ya vyama vikuu vya upinzani kutangaza kujitoa, vikilalamika kwamba wagombea wao walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu. Tulishangilia. Lakini mwenyekiti aliyepita bila kupingwa hakuulizwa swali hata moja juu ya malisho wala kisima, na wanakijiji hawakupata kumpima. Kosa la herufi katika fomu lingeweza kusahihishwa mezani kwa dakika tano.

Kadhalika sheria yadai kwamba mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Mzee mwaminifu asiye na kadi, ambaye kijiji kizima chamwendea kwa ushauri, hawezi kusimama. Wako watakaotukasirikia, lakini twaona kwamba kwa ngazi ya kijiji sharti hilo lastahili kufikiriwa upya.

Liko pia suala la msimamizi. Kanuni za uchaguzi huo zimekuwa zikitungwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na orodha ya wapiga kura wake ni ya peke yake. Mwenye kadi ya kumchagua Rais asiyejiandikisha Oktoba 2024 katika orodha hiyo hakuruhusiwa kupiga kura ya kijiji. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 iliipa Tume kazi ya kusimamia uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji, lakini kwa namna itakayoelekezwa na sheria nyingine ya Bunge. Sheria hiyo nyingine ilikuwa haijatungwa Novemba ilipofika, na TAMISEMI ikausimamia uchaguzi kama zamani. Wabunge wetu wakiketi kuitunga, twaomba waanzie kwenye meza ile ya fomu.